Mikanda ya Jaketi Okozi: Namna ya Kuikagua, Kuitunza na Kuitambua Isiyofaa Tena

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili katika Jimbo la Washington, ambazo hupanda boti, mtumbwi au kayaki kwa ajili ya uvuvi, kutega kaa au mapumziko. Familia nyingi hupata majaketi okozi yaliyokwisha kutumika: mengine hupewa na majirani, mengine hununuliwa katika maduka ya mitumba, mengine hukaa gerejini miaka mingi kabla ya kurudishwa majini. Katika majaketi hayo, mara nyingi kinachoharibika mapema ni mikanda na vifungio vyake. Kipeperushi hiki kinaeleza yapi ya kurekebisha nyumbani, yapi ya kumwachia mtengenezaji, na wakati gani jaketi lapaswa kuondolewa kabisa.

MAMBO MAKUU

• Kagua mikanda, bizimu na mishono kabla ya kila safari, mkiwa bado nchi kavu.
• Nyumbani unaweza kusafisha, kukausha, kupitisha upya na kukaza mkanda.
• Usishone, usifunge fundo, usigundishe na usikate mkanda wa jaketi okozi, hata kama wewe ni fundi hodari wa cherehani.
• Mkanda uliochanika, uliooza au uliong'oka maana yake ni kwamba jaketi hilo halifai tena.
• Kila mtu afunge jaketi lake kabla ya kuingia botini.

KWA NINI MKANDA NI MUHIMU KULIKO UNAVYODHANI

Watu wengi hudhani kwamba kinachookoa maisha ni sponji iliyomo ndani ya jaketi, na kwamba mikanda ni nyongeza ya kulifanya likae vizuri mwilini. Sivyo. Majaketi mengi ya kawaida ya watu wazima nchini Marekani hutoa nguvu ya kuelea ya takribani paundi 15.5, yaani kilo 7 hivi. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji nyongeza ya paundi 7 hadi 12 tu ili kichwa chake kibaki juu ya maji. Kwa hiyo nguvu iliyomo katika sponji yatosha, bali lazima ifike mwilini.

Mtu anapotumbukia, maji hulisukuma jaketi kwenda juu, na mwili wake huvutwa kwenda chini. Kinachoviunganisha viwili hivyo ni mikanda, bizimu na mishono michache. Mkanda ukilegea, jaketi hupanda hadi masikioni na mtu hubaki akining'inia chini yake, kinywa kikiwa usawa wa mawimbi. Mkanda ukikatika, jaketi huelea peke yake. Jaketi okozi huinua kile tu kilichofungwa nalo.

Mwaka 2023, watu 564 walifariki katika ajali za boti za mapumziko nchini Marekani, kwa mujibu wa takwimu za Walinzi wa Pwani. Pale ambapo sababu ya kifo ilijulikana, watu 75 katika kila 100 walizama. Miongoni mwa waliozama ambao hali yao ya kuvaa jaketi ilijulikana, 87 katika kila 100 hawakuwa wamelivaa. Jaketi lililolala chini ya kiti botini kwa sababu bizimu yake imevunjika ni sawa na jaketi lisilokuwapo.

MAJI YA HUKU NI BARIDI

Wengi wetu tumekulia kando ya Bahari ya Hindi, Ziwa Tanganyika, Ziwa Kivu au Ziwa Viktoria, ambako mtu aliyezoea maji aweza kuogelea muda mrefu. Maji ya Puget Sound ni ya namna nyingine. Hubaki kati ya nyuzi 8 na 13 za Selsiasi karibu mwaka mzima, hata siku ambayo jua linawaka. Mito nayo, mwezi Mei na Juni, hubeba maji ya theluji inayoyeyuka milimani.

Wataalamu wa maji baridi hufundisha kanuni ya 1-10-1. Katika dakika 1 ya kwanza, mtu hutwetwa na kuvuta pumzi bila hiari. Kinywa kikiwa chini ya maji wakati huo, humeza maji. Kisha ana takribani dakika 10 ambamo mikono na miguu bado inamtii. Baadaye ana takribani saa 1 kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Saa hiyo ni ya yule tu ambaye kichwa chake kinashikiliwa juu ya maji.

Kanuni hii inagusa moja kwa moja suala la mikanda. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufunga bizimu. Mtu anayetweta hawezi kutafuta mwisho wa mkanda uliojisokota mgongoni. Kazi yote ya kufunga na kukaza lazima iwe imekwisha kabla ya kutoka gatini, kwa kuwa majini haifanyiki.

NAMNA YA KUKAGUA

Tandika jaketi mezani mahali penye mwanga wa kutosha. Kazi hii huchukua dakika chache.

1. Soma lebo iliyoshonwa ndani. Yapaswa kuonyesha kuwa jaketi limeidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, pamoja na uzito wa mtu anayefaa kulivaa. Lebo ikiwa haisomeki, huwezi kujua jaketi hilo ni la nani.

2. Pitisha vidole katika kila mkanda, mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Tafuta mahali palipochanika, palipolika kingoni, palipokakamaa au palipoyeyuka kwa moto.

3. Linganisha rangi. Vuta mkanda utoke kidogo katika bizimu, utazame sehemu iliyokuwa imefichika. Ikiwa sehemu iliyo wazi imepauka sana kuliko iliyofichika, au inatoa vumbi la nyuzi unapoisugua, jua limeula mkanda huo. Mkanda wa namna hiyo waweza kuonekana mzima na bado ukakatika unapovutwa kwa nguvu.

4. Kagua kila mshono unaoushikilia mkanda kwenye jaketi. Nyuzi zisiwe zimekatika, kulegea wala kutoka nje kama manyoya.

5. Vuta. Shika jaketi kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu ya mtu anayeburuta mfuko mzito. Kisichostahimili mkono wako hakitastahimili maji.

6. Funga na kufungua kila bizimu. Inapofungwa yapaswa kutoa mlio na kubaki imefungwa unapoivuta pande mbili. Tazama kama meno yake yamevunjika, yamepinda au yana ufa mwembamba. Ikiwa ni ya chuma, tafuta kutu.

7. Kaza mkanda na uuvute kinyume. Kile kipande chenye matundu ambacho mkanda hupitishwa ili kuurefusha au kuufupisha, ambacho hapa tunakiita kibana, hakipaswi kuuachia uteleze.

8. Fungua na kufunga zipu, kisha ubonyeze sponji. Inapaswa kuwa laini na kurudi katika umbo lake. Isiwe imekuwa ngumu, imelowa maji au mafuta, wala kuota kuvu.

YANAYOWEZA KUFANYWA NYUMBANI

Matatizo mengi ya mikanda si uharibifu bali ni uchafu, chumvi na kupitishwa vibaya. Haya waweza kuyaondoa mwenyewe.

Kuosha chumvi na mchanga. Maji ya bahari yanapokauka huacha chembe za chumvi ndani ya mkanda na bizimu. Chembe hizo, pamoja na mchanga, hukwaruza nyuzi kila mkanda unapokazwa. Baada ya kila safari ya baharini, suuza jaketi lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ikiwa ni chafu, tumia sabuni laini na brashi ya nywele laini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, petroli wala dawa ya kuondoa mafuta.

Kulainisha bizimu iliyokwama. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, isugue kwa mswaki wa zamani, ifungue na kuifunga mara kadhaa. Ikiendelea kukwama, usiilazimishe kwa koleo, maana plastiki iliyopasuka haionyeshi ufa wake mpaka siku ya mvuto mkubwa.

Kupitisha upya mkanda uliotoka. Mkanda uliochomoka katika kibana haujaharibika. Tazama jaketi jingine la aina hiyo hiyo, au upande wa pili wa jaketi lako, uupitishe kwa namna ile ile. Hakikisha haujajisokota na kwamba mwisho wake umekunjwa kama mtengenezaji alivyoukunja. Mkunjo huo ndio unaouzuia usichomoke tena. Kisha uuvute ili kuujaribu.

Kubana ncha zinazoning'inia. Ncha ndefu ya mkanda yaweza kunasa kwenye kasia, usukani au kamba ya mtego wa kaa. Usiikate. Ikunje na kuibana chini ya kitanzi kilichowekwa na mtengenezaji, au uikunje ndani ya jaketi pasipozuia bizimu.

Kukausha na kuhifadhi. Tundika jaketi kivulini penye hewa. Usilitie katika mashine ya kukaushia nguo wala kuliweka juu ya kipasha joto. Likikauka, lihifadhi mahali pakavu pasipopigwa na jua. Usilikalie kama mto, wala usiliweke mzigo mzito juu yake.

Kubadili bizimu. Baadhi ya watengenezaji huuza bizimu za akiba zinazoingizwa kwenye mkanda bila kushona. Wasiliana na kampuni iliyoandikwa kwenye lebo uulize kama jaketi lako linaruhusu, na utumie ile tu wanayokuelekeza.

YASIYOPASWA KUFANYWA, HATA NA FUNDI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nguo, viatu na mabegi, kushona kinachochanika ni uungwana na ni uwekevu, na katika jamii zetu wamo mafundi wa cherehani wanaoweza kushona mkanda ukaonekana kama umetoka kiwandani. Lakini jaketi okozi si vazi tu. Sababu ni nne.

Ya kwanza ni uzi. Uzi wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara, na uzi mwembamba wa nguo hukatika chini ya mvuto ambao uzi mzito wa kiwandani ungeustahimili.

Ya pili ni sindano. Kila tundu hukata baadhi ya nyuzi zilizofumwa katika mkanda, na mistari mingi ya mshono mahali pamoja huufanya uchanike kama karatasi iliyotobolewa. Sindano ikipenya gamba la jaketi, hufungua njia ya maji. Ikipenya jaketi la kujaa hewa, hutoboa mfuko wenyewe na jaketi halitaelea.

Ya tatu ni mkanda wenyewe. Palipochanika pamechanika kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo, yaani jua na umri, imeula mkanda wote. Kushona mahali pamoja huhamishia tu udhaifu sentimita chache pembeni.

Ya nne ni majaribio. Jaketi liliidhinishwa likiwa na mikanda, nyuzi na bizimu zilizojaribiwa kwa pamoja. Mshono wa nyumbani haujajaribiwa na mtu yeyote. Atakayeujaribu kwa mara ya kwanza ni yule aliyetumbukia majini.

Kwa sababu hizo hizo, epuka pia njia hizi za mkato:

• Kufunga fundo badala ya bizimu. Fundo huupunguzia mkanda nguvu, huteleza likilowa, na waokoaji hawawezi kulifungua kwa haraka.
• Kutumia pini, waya au kamba ya viatu. Hupata kutu, hukatika na hujeruhi.
• Gundi na utepe wa kunatisha. Huficha mchaniko bila kuurudishia mkanda nguvu yake.
• Kuongeza mkanda wa begi au wa kiti cha gari ili jaketi dogo limtoshe mtu mkubwa.
• Kukata au kushona jaketi la mtu mzima ili limtoshe mtoto. Walinzi wa Pwani wanashauri waziwazi kwamba jaketi lisibadilishwe. Lisipomtosha mtu, atafutiwe linalomtosha.

SHERIA INASEMAJE

Kanuni za shirikisho zinataka kila boti ya mapumziko iwe na jaketi moja la kuvaliwa kwa kila mtu aliyemo, lililoidhinishwa, lenye ukubwa unaomfaa, na lililo katika hali ya kufaa kutumika. Maneno haya ya mwisho yamefafanuliwa. Jaketi halihesabiki kuwa linafaa ikiwa vifungio vyake vya chuma au plastiki vimevunjika, vimepinda au vimedhoofishwa na kutu. Ikiwa mikanda yake imechanika au imeachana na mahali iliposhonwa. Au ikiwa sehemu yake yoyote iliyooza inaachia inapovutwa. Kwa hiyo boti yenye watu watano na majaketi matano, mojawapo likiwa na mkanda uliong'oka, kisheria ina majaketi manne, na nahodha aweza kutozwa faini.

Katika Jimbo la Washington, mtoto mwenye umri wa miaka 12 au chini ya hapo lazima awe amevaa jaketi lililoidhinishwa wakati boti yenye urefu wa chini ya futi 19 (takribani mita 5.8) inapokuwa safarini, iwapo yuko sehemu ya wazi ya boti hiyo.

NJIA HALISI YA KUUIMARISHA MKANDA: KUUFUNGA IPASAVYO

Mkanda mzima uliofungwa vibaya hauna faida kuliko uliokatika.

Chagua kwa uzito, si kwa umri. Lebo nyingi hugawanya hivi: mtoto mchanga, chini ya paundi 30 (kilo 14), mtoto, paundi 30 hadi 50 (kilo 14 hadi 23), kijana, paundi 50 hadi 90 (kilo 23 hadi 41), mtu mzima, zaidi ya paundi 90. Usinunue jaketi kubwa kwa matumaini kwamba mtoto atalikulia.

Kaza kutoka chini kwenda juu. Funga zipu na bizimu zote, kaza mkanda wa kiunoni, kisha unaofuata juu yake. Mwisho, kaza ya mabegani kama ipo.

Jaribu. Mtu anyanyue mikono juu, na mwenziwe avute mabega ya jaketi kwenda juu. Jaketi likipita kidevu au masikio, limelegea au ni kubwa mno. Mtoto ajaribiwe kwa njia hiyo hiyo.

Usiuache mkanda wa kupita katikati ya miguu. Majaketi ya watoto wadogo huwa na mkanda huu, na wazazi wengi huuacha kwa sababu mtoto huulalamikia. Ndio unaozuia jaketi lisimvuke kichwani. Jaketi lililotengenezwa pamoja nao lazima lifungwe pamoja nao.

Angalia mavazi. Jaketi huvaliwa juu ya nguo zote. Ncha za mtandio, hijabu au kanga zikunjwe ndani ili zisiingie katikati ya bizimu. Bizimu iliyobana kitambaa huonekana imefungwa kumbe sivyo. Usivae koti juu ya jaketi la kujaa hewa, kwa maana litakapojaa litabana kifua.

Mtoto asibebwe mgongoni kwa kanga ndani ya boti. Jaketi la mama halitakaa sawa, na mtoto atakuwa ndani ya maji bila chake. Kila mmoja avae lake, na mtoto ashikwe mikononi.

MAJAKETI YA KUJAA HEWA

Majaketi haya mepesi hujazwa na mtungi mdogo wa gesi. Mikanda yake hukaguliwa kama ilivyoelezwa hapo juu, lakini matengenezo yoyote ni ya mtengenezaji au kituo anachokitambua. Kabla ya kila safari, hakikisha mtungi haujatumika, umekazwa, na alama ya utayari inaonyesha kijani. Mengi yake hayafai kwa watoto walio chini ya miaka 16, wala si chaguo jema kwa asiyejua kuogelea.

JAKETI LILILOKWISHA KAZI YAKE

Jaketi lililoshindwa ukaguzi lisirudishwe gerejini, lisigawiwe, wala lisipelekwe kwenye duka la mitumba. Kata mikanda yake yote, pasua gamba lake, kisha ulitupe. Ukilitupa likiwa zima, mtu mwingine aweza kuliokota na kumvisha mwanawe.

Ikiwa bei ya jaketi jipya ni mzigo, usiahirishe usalama. Katika maeneo mengi ya jimbo hili kuna vituo vya kuazima majaketi bila malipo kando ya fukwe na mahali pa kushushia boti. Uliza idara ya afya ya umma ya kaunti yako, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Jaketi la kuazimwa nalo likaguliwe kama lako.

WAKATI WA DHARURA

Piga 911. Sema neno "Swahili" ili kuomba mkalimani, kisha taja mahali ulipo na idadi ya watu walio majini. Ukiwa na redio ya boti, omba msaada kupitia chaneli ya 16. Aliyetumbukia asihangaike kuogelea mara moja: alale chali, aache jaketi limshikilie, atulize pumzi, kisha ashikilie boti. Walio botini wamrushie kamba au kitu kinachoelea. Asiyevaa jaketi asiruke kumfuata.

Tahadhari kabla ya athari. Dakika chache za kuvuta mikanda mezani leo zitakuonyesha ni majaketi mangapi ya familia yako yanafaa kweli, na hiyo ndiyo idadi ya watu wanaoweza kupanda boti.